Mlango wa depo: kutengeneza ao kubadilisha?
Mlango wa depo ukianza kukwaruza chini, tusikimbilie kununua mpya. Kwanza tuunyanyue kidogo. Ukicheza, ugonjwa uko kwa bawaba: ni skurubu na mikono ya fundi tu. Lakini kama mchwa wamekwisha kula fremu, hata mlango mpya utaanguka. Tuanze na fremu.

Mlango wa chuma ni hesabu ingine. Hapa Salamabila barabara nayo inakula pesa, zaidi wakati wa mvua. Fundi aandike mbalimbali: vyuma, usafiri, mikono yake. Bei moja ya jumla inaficha mengi.

Tupime pia nafasi ya chini. Kidole kikipita, panya anapita, na mbegu zetu za karanga ziko ndani. Kipande cha bati kinatosha kuziba.