Je, Wajua? Kwa Nini Désiré Huharibika kwenye Tiketi

Tunduma, mkoani Songwe, ni lango la malori yaendayo Zambia na Kongo, kwa hiyo jina kama Désiré si geni mjini hapo. Lakini likichapwa kwenye printa ndogo ya tiketi za tamasha, huenda likatoka D├⌐sir├⌐. Usilaumu kirusi. Programu nyingi za leo hutumia UTF-8, mfumo uliobuniwa mwaka 1992, ambamo é huchukua baiti mbili. Printa nyingi za aina hiyo huanza na jedwali la herufi namba 437, lililotokana na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Humo kila baiti ni alama moja, basi é moja huzaa vichoro viwili.

Kiswahili nacho hakijasalimika, ingawa hakina é: ritifaa iliyopinda, ile ambayo simu na kompyuta hupenda kuiweka zenyewe, ni baiti tatu. Ng’ombe hutoka NgΓÇÖombe!

Mwandaaji wa tamasha, linganisha jedwali la programu na la printa, au tuma tiketi kama picha. Kwenye ng', tumia ritifaa iliyonyooka. Kisha chapa tiketi moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote.