Shahrazadi Hayumo

Hadithi za Alfu Lela Ulela tulizisikia kwa bibi zetu kabla hatujajua kuzisoma. Kwa hiyo kitabu cha michoro ya Léon Bakst kiliponifikia, nilikifungua kama mtu aendaye kuwaamkia jamaa.

Bakst alikuwa mchoraji, Myahudi aliyezaliwa Grodno, katika dola ya Urusi, mwaka 1866. Mwaka 1902 alichora mavazi ya "Hippolytus", mchezo wa Kiyunani, huko St. Petersburg. Lakini sifa zake zilivuma Paris tarehe 4 Juni 1910, kundi la Diaghilev lilipocheza "Schéhérazade", mchezo wa kucheza kwa viungo bila maneno. Jumba la sultani alilipamba kwa mapazia makubwa ya kijani cha zumaridi, na chini zulia jekundu. Haukupita muda wanawake wa Paris wakawa wanataka vilemba.

Rangi hizo sizigombi. Linaloniuma ni jingine. Mchezo ule umeshika kizingiti tu cha hadithi: Sultani Shahriyar ajisingizia kwenda kuwinda, wakeze wamhonga towashi mkuu awafungulie watumwa milango, sultani arejea, panga zafanya kazi. Basi, kwisha! Shahrazadi, aliyeiokoa shingo yake kwa ulimi, hayumo kabisa. Jina lake limetundikwa mlangoni, mwenyewe hakukaribishwa ndani. Watazamaji walipewa harimu na damu, wakanyimwa akili ya yule binti. Mimi mtu wa tungo, hilo halinipiti kooni.

Na bado kitabu sikukifunga. Mchoro wa nguo huwa ni barua kwa fundi, na watu wa Bakst hawasimami wima kama walio mbele ya kamera: wanapinda kiuno, wanarusha mikono, ili ionekane kitambaa kitakwendaje mchezaji akizunguka.

Nilimpelekea mshona kanzu mmoja hapa Mji wa Kale. Akavaa miwani, akamtazama sana yule Sultana wa Buluu.

"Sasa, Mwalimu, huyu akikaa kitako, nguo yote hii itakwenda wapi?"

"Hakai, fundi. Anacheza."

Akapima kwa shubiri ukingoni mwa karatasi, midomo ikihesabu.

"Kumbe huyu bwana alijua kukata," akasema, akanirudishia kitabu.