Mkataba Ukikwama Bila Kosa la Mtu

Si ajabu fundi wa Likoni kupatana kazi na mwenye nyumba wa Kisauni, akapokea arbuni, akanunua mbao Changamwe. Kisha nyumba ikateketea kwa moto kabla kazi haijaisha, wala hakuna kati yao aliyeuwasha. Je, arbuni ni ya nani, na gharama za fundi ni juu ya nani?

Yafaa ijulikane kuwa hapo mkataba hukoma wenyewe. Zamani, kwa sheria ya Kiingereza, hasara ilibaki pale ilipoangukia. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba aliugua, na maandamano ya kutawazwa kwake yakaahirishwa. Katika hukumu ya mwaka 1904, mtu aliyekodi chumba cha kuyatazamia hakurudishiwa fedha zake. Mwaka 1942 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iligeuza jambo hilo, ikaamuru kampuni moja ya Poland irudishiwe pauni 1,000 ilizotanguliza kwa mitambo ambayo vita viliizuia kufika. Lakini watengenezaji wa mitambo hawakupata kitu kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1943, ambayo hutumika Kenya kwa njia ya Sheria ya Mikataba.

Mathalani, bei ya kazi ni shilingi 40,000, arbuni 15,000, na fundi ametumia 9,000. Kwanza, fundi hupaswa kurudisha arbuni, wala hadai salio. Pili, mahakama ikiona ni haki, yaweza kumruhusu abaki na 9,000 zake, arudishe 6,000. Kama mbao zimesalimika na zafaa kwa kazi nyingine, huenda akaruhusiwa kidogo kuliko hapo. Kama alitumia 20,000, hawezi kupita 15,000. Na kama hawakupatana arbuni yoyote, hawezi kudai gharama, ila ikiwa kazi yake imemwachia mwenye nyumba faida yenye thamani.

Aliyewasha moto kwa uzembe wake hakingwi na sheria hii. Wala kupanda kwa bei ya saruji peke yake hakuukomeshi mkataba.

Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Lakini lililo bora ni kuandika mapema arbuni ni kiasi gani, na likitokea balaa gharama zitakuwa juu ya nani. Kwani mapatano hayo sheria huyaheshimu. Na kila fundi atunze stakabadhi za vitu alivyonunua, maana gharama isiyo na ushahidi ni vigumu kulipwa.