Haki ya Mwandishi (2): Kitabu Kisichoandikwa

Wiki iliyopita tuliona jinsi riwaya inavyopigwa picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, ikawa faili, kisha ikarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Leo tumtazame anayeumia.

Gitaza, Burundi, kando ya ziwa na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, Kiswahili kina wapenzi wake: wavuvi, wachuuzi, na waliorejea kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Riwaya ya Kiswahili ni vigumu kuipata dukani, ila simu iko mfukoni. Simlaumu mwenye kiu ya kusoma. Namwomba ajue gharama yake.

Riwaya za upelelezi huishi kwa mfululizo. Wapelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba walipendwa kwa kuwa kila kisa kilifuatwa na kingine. Mchapishaji huamua kutoa kitabu kipya kwa kutazama mauzo ya kilichotangulia. Anayesoma faili la wizi hahesabiwi, hata akikesha nalo. Hivyo mwandishi anayesomwa na wengi huonekana hana wasomaji.

Mwaka 2017 Maggie Stiefvater, mwandishi wa hadithi za ajabu wa Marekani, alieleza yaliyomfika. Mauzo ya kitabu cha tatu katika mfululizo wake yaliposhuka, mchapishaji alipunguza nakala za cha nne kwa zaidi ya nusu. Yeye na ndugu yake wakasambaza mtandaoni faili la bandia, lenye sura nne za mwanzo tu zikijirudia. Waliokosa cha bure wakaenda dukani, na nakala zikaisha upesi. Wasomaji walikuwepo tangu awali.

Sheria ipo. Burundi ina sheria ya haki za mwandishi ya 2005. Kwa sheria ya 1999 ya Tanzania, nchi ya Mtobwa, haki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Mtobwa alifariki 2008, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi 2058.

Lakini mvuvi wa Gitaza hahitaji hakimu kulielewa jambo hili. Wavu wa matundu madogo hukomba hata vifaranga vya samaki. Leo mtumbwi hujaa, msimu ujao ziwa ni tupu. Faili la wizi hukomba kitabu ambacho bado hakijaandikwa.

Wiki ijayo: vitabu halali vitafikaje mwambaoni kwa bei tunayoimudu?