Mvua ya Bati Haishushwi Mtandaoni

Oya wanangu wa Lizaboni, Bombambili mpaka Mfaranyaki, tuelewane. Umetunga kamchezo kako ka sauti, masela wameigiza fresh, geto limetundikwa mablanketi ili mwangwi usizingue. Halafu unapachika mvua uliyoshusha mtandaoni: laini, inadondokea majani ya Uingereza huko. Mzee, mvua ya Songea ikipiga bati, watu wanaacha kuongea! Msikilizaji wa kitaa anakustukia hapo hapo. King'ora cha polisi wa Marekani nacho? Noma tupu.

Sikatai, mtandaoni kuna mzigo. BBC mwaka 2018 waliachia milio zaidi ya 16,000, ila ya bure ni kwa matumizi binafsi, masomo na utafiti. Ukitaka kupigia mkwanja, unalipia. Kwenye tovuti ya Freesound, iliyoanzia Barcelona 2005, kila mlio una leseni yake: CC0 beba kiroho safi, nyingine lazima umtaje mwenyewe, nyingine biashara marufuku. Soma kabla hujashusha. Kudokoa mlio kwenye muvi ya mtu ni kujitafutia msala, COSOTA, wale wa hakimiliki, wapo.

Ila mchongo wenyewe uko jikoni kwa bi mkubwa. Jack Foley wa Hollywood alianza kutengeneza milio kwa mikono na miguu miaka ya mwisho ya 1920, na kazi hiyo mpaka leo inabeba jina lake. Sisi Ruvuma, mkoa wa mahindi, tunakosaje? Vunja bua kavu karibu na simu: mfupa umekatika. Kanyaga maganda makavu: jamaa anakimbia msituni Matogoro. Mwaga punje taratibu kwenye sinia la bati: manyunyu. Ongeza kasi: mvua imeshuka. Moto? Finyanga karatasi ya biskuti polepole, tena bila papara, moto wa kuni hauna haraka. Radi ni bati la zamani, lishike kwa pembe ulitikise.

Kurekodi kuna miiko yake. Amka alfajiri kabla boda hazijachangamka. Zima laini, isije meseji ya deni ikaingia katikati ya msiba. Upepo ukizingua, funika maiki kwa kitambaa chepesi. Na rekodi kimya cha chumba kama nusu dakika, ukitandike chini ya mazungumzo. Bila hicho, kila ulipokata panasikika kama shimo.

Ukitaka ngoma ya lizombe, ifuate inapochezwa, lakini waombe wenye ngoma kwanza. Sauti zao ni mali yao, na soda haimalizi deni la kazi inayokuingizia hela.

Kila mlio uandike jina, mahali na tarehe, halafu gawaneni maskani. Mashine za kusaga, stendi, wauza mboga sokoni, vyote viko hapa na bando havili. Leo usishushe kitu. Toka nje, bonyeza rekodi.