Kamina: Kumcheza Bwana Ford, mume mwenye wivu anayejifunza kuomba msamaha

Mwanaume anaingia nyumbani na hasira. Ameita majirani waje kuona aibu ya bibi yake. Anafungua kikapu cha nguo chafu, anazitupa chini moja baada ya ingine, akimtafuta mwanaume aliyejificha. Hapati kitu isipokuwa nguo.

Kisa hiki mtu angeweza kukisimulia kwenye gari-moshi kati ya Kamina na Lubumbashi, na behewa zima lingecheka. Lakini kinatoka katika mchezo wa kuchekesha wa William Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, ulioandikwa Uingereza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwezi wa Aprili 2012, kundi kutoka Kenya liliucheza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, mjini London. Mtanzania Mrisho Mpoto alimcheza Falstaff, mnene mpenda pesa anayeandikia wanawake wawili wenye waume barua moja ya mapenzi.

Watu wengi humkumbuka Falstaff. Wanawake wale wanamtia ndani ya kikapu na kumtupisha mtoni, lakini anarudi tena na tamaa ileile. Anayebadilika ni Bwana Ford, na hapo ndipo kazi ya mchezaji inakuwa ngumu.

Ford anasikia uvumi kwamba Falstaff anamtaka bibi yake. Jirani yake Bwana Page anasikia habari kama hiyo juu ya bibi yake mwenyewe, siku ileile, na anakataa kuiamini. Ford anaiamini. Anajipa jina la uongo na kumlipa Falstaff amjaribu bibi yake. Baadaye anampiga kwa fimbo mtu anayemuona kuwa bibi mzee, kumbe ni Falstaff aliyevalishwa nguo za kike. Watu wanacheka, lakini wameona pia jinsi mkono wa mwenye wivu unavyofika haraka kwenye fimbo.

Hatari kwa mchezaji ni kujua mwisho mapema. Akimcheza Ford kama mjinga tangu mwanzo, hakuna mabadiliko. Wakati wa mazoezi ni lazima amwache Ford aamini kabisa kwamba yeye ndiye mwenye haki, hata mbele ya kikapu kitupu.

Katanga inajua njia hiyo. Mwaka 1986, mtafiti Johannes Fabian alifuata kundi la Mufwankolo la Lubumbashi likitayarisha mchezo Le pouvoir se mange entier, kuhusu mamlaka ya chifu kijijini. Wachezaji hawakuanza na maandishi ya kukariri. Walianza kwa kujadili maana ya msemo huo, kisha wakajenga maneno yao kwa Kiswahili wanachosema kila siku, zoezi baada ya zoezi. Kwa njia hiyo mtu anayeigizwa hukua kila mara mchezaji anapojiuliza: kwa nini anafanya hivi?

Kwa Ford, jibu la mwisho linakuja pale wanawake wanapomwambia ukweli. Anamwomba bibi yake msamaha mbele ya watu, na kuahidi kutomshuku tena. Page anamwonya hapohapo: asizidishe unyenyekevu kama alivyozidisha kosa. Maneno hayo machache yanamwonyesha mchezaji kwamba Ford hajawa mtu mpya kwa siku moja. Yeye bado ni mtu wa kupita kiasi, ila sasa anajua amemkosea nani.

Kucheza sehemu hiyo hapa Kamina, kwenye uwanja wa shule au wa parokia, hakuhitaji ukumbi wa London. Inatosha kikapu, nguo chafu, majirani wachache, na mwanaume anayekubali kuchekwa mpaka aombe msamaha.