Noti Inapokufa, Mzee Anakula Nini?

Sogeeni karibu, wajukuu. Nyinyi watoto wa Mahagi mnajua kuhesabu kwa fedha tatu kabla hamjamaliza shule ya msingi. Chumvi mnanunua kwa faranga ya Kongo, sabuni iliyovuka mpaka mnatajiwa bei kwa shilingi ya Uganda, na kiwanja cha kujenga wakubwa wanakizungumzia kwa dola. Mgeni hushangaa. Lakini wazee wenu wana sababu ya kutoamini fedha moja, na leo nitawaeleza sababu hiyo, kisha tuone mtu aliyestaafu anakulaje bila kuwanyooshea watoto wake mkono kila asubuhi.

Tutunge mwalimu mmoja, atusaidie kuhesabu. Ameanza kazi mwaka 1967. Mwezi Juni mwaka huo serikali ya Mobutu ilileta fedha mpya, zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Ndiyo, mmesikia vizuri: dola mbili kwa zaire moja! Mwalimu wetu akawa anaweka akiba kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Tarehe 25 Desemba 1979, sikukuu ya Noeli, ikatangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimefutwa. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Sasa niambieni, mtu wa milimani huku, asiye na gari, angefika benki lini? Wengi walibaki na karatasi za kuwashia moto.

Kilichosalia sandukuni kikaendelea kuyeyuka. Serikali ilikuwa inachapisha noti ili ilipe madeni yake na askari wake, na noti zikizidi bidhaa, bei hupanda. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora Kinshasa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya: moja kwa zaire za zamani milioni 3. Mwezi Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100,000. Shikeni kalamu mzidishe. Faranga moja ya 1998 ilichukua nafasi ya zaire za kale bilioni 300. Sanduku la mwalimu, hata lingejaa pomoni, halikufikia faranga moja. Na hakuna mwizi wa kumpeleka polisi.

Msidhani ng'ambo ya mpaka kulikuwa na kivuli. Mwaka 1987 Uganda nayo ilikata sufuri mbili kwenye shilingi yake, na juu ya hapo ikatoza asilimia 30 kwa kila aliyebadilisha.

Basi mwalimu amestaafu. Tuseme anapata pensheni ya faranga 93,000 kwa mwezi, isiyopanda. Mwanzoni mwa 2016 fedha hiyo ilikuwa kama dola 100. Mwaka 2024, dola moja ilipofika karibu faranga 2,800, ilikuwa dola 33. Idadi ya faranga ni ileile, kilichokonda ni kikapu cha sokoni. Na mwalimu huyu ana bahati: mkulima wa kahawa au mama anayeuza samaki wa Ziwa Albert hana mfuko wowote unaomkata mshahara na kumwekea ya uzeeni.

Mtaniambia anunue dola. Anunue, ila azijue. Mpelekee kambisti, yaani mbadilisha fedha, noti ya dola 20 yenye mpasuko mdogo pembeni: ataiinua kwenye mwanga, ataigeuza, atapitisha kidole ukingoni, halafu atakurudishia bila neno. Marekani noti hiyo inanunua mkate, hapa kwetu ni mgonjwa. Tena dola haizai, na hupanda na kushuka: kuelekea mwisho wa 2025 ilishuka mbele ya faranga ndani ya wiki chache, na waliokuwa wamezikimbilia kwa bei ya juu wakashika tama.

Kuna wanaoahidi kwamba fedha itazaa haraka. Mwaka 1991 Kinshasa kulikuwa na mchezo ulioitwa Bindo Promotion: weka fedha leo, baada ya wiki chache uchukue mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata. Waliofuata walipokwisha, mchezo ukaanguka na akiba za watu wengi zikaenda nao. Likelemba ya mama zenu, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, haifanani na hiyo. Haiahidi faida, kila mtu anapokea kile alichochanga, ila kwa mkupuo mmoja unaotosha kununua mabati. Mimi naipenda kwa sababu ya ukweli wake.

Mwalimu mwenye akili, basi, aligawanya mali yake mapema. Ana kahawa kidogo mlimani, ambayo bei yake haiamuliwi hapa: mwaka 1989 makubaliano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka, na mwanzoni mwa 2025 kwenye soko la New York ilivunja rekodi. Ana mbuzi, na ng'ombe wawili. Maziwa ni mazuri, ila waulizeni watu wa Djugu ng'ombe wanavyotoweka usiku mmoja vita vikipita. Ana chumba cha kupangisha. Ana mikaratusi, ambayo ukiikata, kisiki kinachipua tena.

Ugumu uko kwenye kuamua aanze kula kipi. Wengi huuza kinachouzika haraka, hata kama bei yake iko chini, na mwaka unaofuata hakipo tena. Mwalimu huanza na kodi ya chumba pamoja na pensheni. Mwaka ambao kahawa imeshuka, anauza mbuzi. Mwaka wa ugonjwa wa mifugo, anakata nguzo chache za mikaratusi iliyokomaa na kuiacha michanga. Kahawa ikipanda hali faida yote: ananunua mbuzi wengine na kubadilisha bati lililotoboka. Zile dola zake safi anazigusa mwisho kabisa, kwa sababu siku ya vita, ya kukimbilia Uganda kupitia mpaka wa Goli, hakuna mtu anayeweza kubeba shamba.